Masufuria ya chama cha kuzikana: tumwazime mtu tuliyemsusa?

Mwenye Ufunguo (Wete, Pemba)

Assalaam alaykum jamaa. Naomba rai zenu, na naomba za watu wazima, si za kushangilia bendera.

Mie ni mkulima wa karafuu, Wilaya ya Wete. Kijijini kwetu tuna chama cha kuzikana. Kila nyumba inatoa mchango wa mwezi, na kwa mchango huo tumenunua masufuria makubwa ya kupikia pilau, turubai, majamvi, ndoo, miko na taa za betri. Ufunguo wa stoo ninao mie. Mtu akifiwa, hata iwe saa tisa za usiku, anakuja kugonga dirisha langu na mie natoka. Harusi pia tunaazima, kwa malipo madogo ya kufidia kinachopotea. Miko ndiyo hupotea kuliko kitu chochote, sijui watu wanaipeleka wapi.

Sasa kuna mzee mmoja, nitamwita Mzee wa Kilimani kwa sababu ndiko aliko. CCM wa damu, tangu enzi ya Afro-Shirazi, chama kilichozaa CCM huku Zanzibar. Huku kwetu CCM wanahesabika. Tarehe 20 Machi 2016, uchaguzi wa marudio, CUF, chama chetu cha upinzani, iliposema tusiende, kijiji kizima kilikaa nyumbani. Yeye na wanawe wawili walitoka mchana kweupe, kanzu imepigwa pasi, wakenda kupiga kura.

Toka siku ile akasuswa. Akienda dukani anaambiwa sukari imekwisha na gunia analiona kwa macho yake. Gari ya abiria inampita barabarani. Mkewe akafariki mwaka ule ule, na jeneza lilibebwa na jamaa zake waliovuka kutoka Unguja pamoja na wanachama wenziwe wa Wete mjini. Masufuria yetu hayakutoka stoo. Mie mwaka ule nilikuwa Unguja kwenye kazi za ujenzi, ufunguo alikuwa nao marehemu ami yangu. Habari nilizipata kwa simu, na aliyenipigia alikuwa akisimulia kama ushindi.

Lakini msidhani mzee huyu ni malaika. Miaka ya nyuma, watu walipokuwa wakihangaikia Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, ambacho bila hicho huingii kwenye daftari la wapiga kura, sheha wa wakati ule, kiongozi wa serikali hapa mtaani, alikuwa akimwuliza yeye nani mkaazi na nani si mkaazi. Kuna kijana kitovu chake kimezikwa hapa hapa, chini ya mnazi ninaoujua, akaambiwa hatambuliki. Watu hawakusahau, na mie siwaambii wasahau.

Mambo yenyewe sasa. Mjukuu wake anaolewa msimu wa karafuu ukimalizika. Katuma mtu kuomba masufuria na turubai. Hakuja mwenyewe. Nikaipeleka habari kwenye kamati, vijana wakakataa moja kwa moja. Mmoja akasema, "Yule si mzalendo, kaiuza nchi kwa kura yake." Nikanyamaza, maana neno hilo hilo Mzee wa Kilimani alikuwa akitupiga nalo sisi: si wazalendo, mnataka kumrudisha Sultani. Nimelisikia kwake tangu nikiwa skuli.

Na mambo ya uzalendo huku kwetu yana vichekesho vyake. Redio ilikuwa ikituambia kwamba asiyeuza karafuu zake kwa ZSTC, shirika la serikali, hana uchungu na nchi. Usiku watu wanapakia magunia kwenye mashua za kwenda Kenya. Na Mzee wa Kilimani, pamoja na kadi yake, gunia zake zilikuwa mashua moja na za watu wa CUF! Bei ilipopandishwa mwaka 2011, magendo yakapungua yenyewe, bila ya mtu kuhubiriwa.

Kwa hiyo nauliza. Mtu anaweza kuwa mzalendo na huku aliunga mkono jambo ambalo wewe unaliona ni dhulma tupu? Na mie nikifungua stoo, nitakuwa nimewasaliti waliouawa na polisi kwenye maandamano ya Januari 2001 na waliofutiwa kura zao 2015? Tafadhali msinijibu "samehe tu, dunia mapito". Hilo naambiwa kila Ijumaa.

Kijana wa Limbani

Kaka, shikamoo. Jibu langu ni usifungue.

Wenzetu wana Tume ya Uchaguzi, wana polisi, wana shirika ambalo peke yake ndilo linalonunua karafuu zako kwa bei linayoipanga lenyewe. Sisi tuna nini? Tuna mgongo wa kumgeuzia mtu. Basi. Tarehe 25 Oktoba 2015 tulipiga kura, zikahesabiwa, matokeo yakabandikwa ukutani vituoni, watu wakayapiga picha kwa simu. Tarehe 28 Mwenyekiti wa Tume akatokea kwenye televisheni akafuta uchaguzi wote wa Zanzibar. Kura za Rais wa Muungano na za wabunge, zilizopigwa na watu wale wale, siku ile ile, chumba kile kile, zikabaki halali. Nipe akili ya kulielewa hilo nami nitafungua stoo kwa mkono wangu.

Kususa hakumvunji mtu mguu. Mali yangu simuuzii nisiyemtaka, gari yangu simpakii nisiyemtaka. Mzee wa Kilimani alikuwa na hiari ya kukaa nyumbani siku ile kama jirani zake wote. Alichagua kwenda kuibariki. Mie kwangu uzalendo ni kumfanya anayebariki dhulma aione gharama yake hapa hapa, asisubiri Akhera.

Na kingine: kwa nini kila siku anayetakiwa kuwa mkubwa wa moyo ni sisi? Hao hawajatuomba hata radhi.

Mwalimu Mstaafu (Makunduchi)

Wanangu, salaam. Mimi ni CCM na sitaficha. Kadi yangu ni ya zamani kuliko baadhi yenu mnaoandika hapa. Nitasema na kijana wa Limbani kwanza, kisha nitasema na wenzangu.

Kijana, silaha hiyo ya mgongo si yenu peke yenu, wala hamkuigundua nyinyi. Watu wa umri wangu tuliikuta. Ile miaka tunayoiita zama za siasa, kuanzia uchaguzi wa 1957 mpaka 1964, kisiwa hiki kiligawika mpaka visimani. Kulikuwa na basi la Hizbu, chama kilichoshindana na Afro-Shirazi, na basi la Afro-Shirazi. Mwenye shamba anamtoa mkulima kwenye kibanda chake kwa sababu ya chama. Mkulima naye hanunui duka la Hizbu hata kama ndilo pekee lenye mafuta ya taa. Watu hawakuzikana. Marehemu mama alikuwa akisimulia haya kwa sauti ya chini hata miaka ishirini baadaye, kana kwamba kuna mtu nyuma ya dirisha. Uchaguzi wa Januari 1961 ulitoka sare, na jimbo la Chake Chake lilipatikana kwa kura moja tu. Ukarudiwa mwezi Juni, na kabla ya wiki kwisha watu 68 walikuwa wamekufa. Waliouana hawakuwa wageni. Walikuwa wakinunuliana samaki.

Kila upande siku zile ulikuwa unaipenda nchi. Nataka mlielewe hilo. Sikumjua hata mmoja aliyesema "mimi naichukia Zanzibar". Mapenzi yalikuwepo tele, na ndiyo yaliyobeba mapanga.

Sasa wenzangu wa CCM. Pale Michenzani mjini Unguja, maskani ya Kisonge, baraza la wana CCM, nimesoma ubaoni maneno ambayo mwanafunzi wangu akiyaandika namtoa nje ya darasa. Na tumeyacheka. Mzee Hassan Nassor Moyo, mtu wa Mapinduzi, waziri tangu mwanzo wa Serikali ya Mapinduzi, aliyehangaika na maridhiano ya 2009 na 2010 mpaka Rais Amani Karume na Maalim Seif, kiongozi wa CUF, wakakaa meza moja, chama changu kilimvua uanachama 2015 kwa kuwa msimamo wake juu ya Muungano haukuwapendeza. Mzee wa umri ule! Mwalimu Nyerere mwenyewe alishatuambia kwamba CCM si mama yake. Sisi tumeifanya mama, baba na kadhi.

Julai 31, 2010, kura ya maoni ya kuunda serikali ya umoja wa kitaifa. Mimi nilipiga Ndiyo, kadi ya CCM iko mfukoni. Jioni nikaambiwa barazani nimeyauza Mapinduzi. Walioniambia hivyo nimeshawazika wawili, na kaburini niliingia mwenyewe kupokea maiti.

Huku kwetu kila Julai tuna Mwaka Kogwa. Wanaume wa upande mmoja wa mji na wa upande mwingine tunachapana kwa vigogo vya migomba, hasira za mwaka mzima zinatoka, kisha tunakwenda kula. Mgomba unauma, msidanganyike na watalii wanaocheka. Lakini tunajua saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Kususa kwenu huko kunamalizika lini? Mwaka gani? Kijana wa Limbani anijibu hilo tu.

Rai yangu kwa Mwenye Ufunguo: fungua. Lakini Mzee mwenzangu huyo asitume mtu. Aje kwa miguu yake. Mtu mzima hatumi mtoto kwenye jambo zito.

Binti Shimoni (Kwale)

Hamjambo watu wa Pemba. Naingilia kwa sababu mmetaja 2001.

Mimi nilikuwa msichana mdogo hapa Shimoni, pwani ya Kenya, wakimbizi wa Pemba walipokuja. Mashua moja, kisha nyingine, mpaka wakapindukia elfu mbili. Wengine walikuja na nguo walizovaa tu. Nyumbani kwetu walilala barazani na uani, mama akawa anapika ugali kwa zamu na jirani kwa sababu sufuria zilikuwa hazitoshi. (Naona mambo ya sufuria hayaishi.) Hakuna aliyeulizwa chama. Mwanzoni sikujua hata hivyo vyama ni vipi. Nilijua kwamba kuna mzee analia akisikia mashine ya mashua usiku.

Sisi Kenya tumepita kwetu, 2007 mpaka 2008, sina haja ya kuwasimulia. Ila nitawaambia jambo moja la 2018. Tarehe 9 Machi, Uhuru na Raila wakatoka mbele ya Jumba la Harambee wakashikana mikono. Huku chini tulikuwa hatusemezani tangu uchaguzi wa Agosti 2017. Kuna watu walivunja uchumba! Wakubwa walipatana bila kutuuliza, na sisi tukabaki tunatazamana sokoni, hujui uanzie wapi. Kwa hiyo mimi siamini upatanisho unaoshuka kutoka juu. Wa jikoni naujua zaidi.

Lakini kaka Mwenye Ufunguo, nina swali kavu. Wewe umeuliza habari ya uzalendo, mimi nauliza habari ya daftari. Huyo mzee bado anatoa mchango wa chama cha kuzikana, au hatoi? Maana kama hatoi, si mwanachama, na mnaweza kumkatalia bila kuitaja nchi. Kama anatoa, mnamnyima kilicho chake.

Mwenye Ufunguo

Dada wa Shimoni, umenigusa pale nilipokuwa nimepakwepa kupaandika, kwa kuwa jambo lenyewe si langu peke yangu. Nimeomba ruhusa kwa imamu, kanipa.

Baada ya Machi 2016 mweka hazina alikataa kupokea mchango wa Mzee wa Kilimani. Hakuna kikao kilichomfukuza. Fedha zake zilikataliwa tu mlangoni. Basi mzee akawa anampelekea imamu kila mwezi baada ya sala ya Ijumaa ya mwanzo, kiasi kile kile, na mchango ulipopandishwa naye akapandisha. Nani alimwambia umepanda, sijui. Imamu hakuzirudisha wala hakuziingiza chamani. Aliziweka kwenye bahasha ndani ya kabati la misahafu. Bahasha ya kwanza ilijaa, iko ya pili. Kwa miaka yote hiyo wanaojua walikuwa imamu na mzee, na mie niliambiwa nilipokabidhiwa ufunguo.

Kijana wa Limbani kauliza sie tuna nini. Swali zuri, na kuhusu 2015 sina akili ya kumpa, maana hata mie sinayo. Lakini hebu tuitazame gharama unayoisema. Nani aliilipa? Aliyefuta kura hajawahi kukosa sukari. Aliyelipa ni bibi mmoja wa kijijini, mke wa Mzee wa Kilimani, ambaye siku ya kura alikuwa kitandani anaumwa na hakupiga kura yoyote. Alikuwa mkunga. Nusu ya hao vijana wa kamati aliwapokea yeye.

Desemba 2017, Zanzibar Heroes, timu yetu ya mpira, ilipofika fainali ya CECAFA na Kenya kule Machakos, kijiji kizima tulibanana kwenye banda la tivii. Dada Shimoni utusamehe. Nilikuwa nimerudi kutoka Unguja kwa likizo. Mzee wa Kilimani alikuja akasimama nje, dirishani, ndani hakuingia. Hakuna aliyemsemesha. Tuliposawazisha mara ya pili, mbili kwa mbili, banda likapasuka kwa kelele, na kijana mmoja aliyekuwa nje alimkumbatia yule mzee kwa nguvu zote. Kisha akakumbuka. Akamwachia. Tukafungwa kwa penalti na kila mtu akenda kwao. Kijana huyo leo yumo kwenye kamati na ndiye aliyesema mzee kaiuza nchi.

Sisemi mpira unamaliza jambo. Nasema mikono yake ilijua kitu kabla ya kichwa.

Mwalimu, nimekusikia, mzee aje mwenyewe. Ila napata tabu na hilo. Mara ya mwisho alipokuja mwenyewe, na fedha mkononi, alifungiwa mlango. Na jambo la vitambulisho nalitaka liulizwe, lakini si mlangoni pa stoo. Nikimwambia "jibu la kitambulisho kwanza, sufuria baadaye", nimefanya kile kile alichokifanya yeye na sheha wake: haki ya mtu imekaa mkononi mwangu, na mie naichezea.

Wakili Mdogo (Unguja Mjini)

Nimefuatilia kimya. Niongeze mawili ya kazi yangu, kwa ufupi.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 28, inampa kila raia wajibu wa kulinda uhuru, ardhi na umoja wa taifa. Chama hakikutajwa pale. Ibara ya 20 inampa haki ya kujiunga na wenzake. Kwa hiyo anayepiga kura mnayoichukia na anayekaa nyumbani kuipinga, wote wamesimama ndani ya Katiba. Mzee wa Kilimani alipokwenda kituoni hakuvunja sheria, na nyinyi mliposusia uchaguzi hamkuivunja. Kumfanya mkaazi asiye na hatia aonekane si mkaazi, hilo ndilo lina swali la kisheria, na haliishi kwa harusi.

La pili ni Katiba ya Zanzibar ya 1984. Marekebisho ya Kumi ya mwaka 2010, yaliyothibitishwa na ile kura ya maoni aliyoitaja Mwalimu, asilimia 66.4 wakasema Ndiyo, yalifanya jambo ambalo nchi nyingi hazina: aliyeshindwa anaingia serikalini kwa haki, si kwa huruma ya aliyeshinda. Lakini yakaweka sharti la asilimia kumi ya kura. Ndiyo maana baada ya marudio ya 2016, CUF ikiwa imesusia na hakuna mpinzani aliyeifikia asilimia hiyo, hakukuwa na Makamu wa Kwanza wa Rais kwa miaka minne na zaidi. Kususia kulikuwa na gharama kwa waliosusia pia. Nasema hivyo bila kusema walikosea. Wakati ule nilikuwa mwanafunzi wa sheria na niliunga mkono.

Desemba 2020 Maalim Seif alikula kiapo kuwa Makamu wa Kwanza, baada ya uchaguzi ambao chama chake cha ACT-Wazalendo kiliukataa na ambao Pemba ilizika watu. Alikuwa amewekwa ndani tangu 1989 mpaka 1991 na serikali hiyo hiyo. Alitukanwa sana na vijana wa upande wake kwa kiapo kile. Alifariki Februari 17, 2021, na Rais Mwinyi, aliyekuwa mpinzani wake miezi michache kabla, akatangaza siku saba za maombolezo. Nilikuwepo mjini. Siku ile hata Jaws Corner, ambako watu hawakosi la kusema juu ya kahawa, kulikuwa kimya.

Kijana wa Limbani

Mwalimu kaniuliza kususa kunaisha lini. Nimekaa na swali hilo tangu jana na sikulipenda. Jibu la kweli ni kwamba hatukuweka tarehe. Tulisema tutamsusa mpaka haki irudi, na haki yenyewe haikuwa mikononi mwa yule mzee kuirudisha.

Wakili, mfano wako wa Maalim una kasoro. Maalim aliingia na watu nyuma yake, alikuwa na cha kujadili. Na alipata nini? Waliokufa 2020 hakuna aliyeshtakiwa mpaka leo hii ninayoijua mie. Nyinyi mnaohubiri umoja mnaruka hapo kila mara. Mzalendo wa CCM akisimama kwenye mkutano wa chama chake akasema "wale waliokufa Pemba ni watu wetu, nataka kujua nani aliwaua", mie nitambebea masufuria mpaka kilimani kwa kichwa changu.

Habari ya bahasha sikuwa naijua. Kwa nini imamu hakusema?

Mwalimu Mstaafu (Makunduchi)

Mwanangu, hilo la waliokufa umelisema sawa na sitakuzungusha. Januari 2001 Tume ya serikali yenyewe, ile ya Brigedia Mbita, ilihesabu waliokufa 31. Wengine walihesabu zaidi. Iliandikwa, ikachapishwa, na kesi sikuiona. Mwanachama wa chama tawala asiyeweza kulitamka hili kwa sauti ananipa shaka kuliko mpinzani anayelipigia kelele. Nimewahi kulitamka kwenye mkutano wa tawi. Nilizimiwa kipaza sauti, nikamalizia kwa sauti ya darasani, na sauti hiyo ninayo.

Kwa hiyo, masufuria utayabeba? Nauliza tu.

Binti Shimoni (Kwale)

Mwalimu, usimkabe kijana, hajamaliza kufikiri 😄

Kaka Mwenye Ufunguo, hizo bahasha zihesabiwe. Mtu aliyetoa mchango wa maziko miaka yote hiyo kwa watu wasiomzikia mkewe, mimi sijui chama chake kilifanya nini, lakini hicho alichokifanya yeye nakijua. Na Heroes mlibahatika mno kufika penalti.

Mwenye Ufunguo

Nimetoka kwa imamu sasa hivi. Kijana wa Limbani, nimemwuliza lile swali lako. Kasema mzee ndiye aliyemtaka asiseme: "Wakijua watadhani nanunua." Imamu akanyamaza, kwa kuwa ni amana.

Kamati inakaa Ijumaa baada ya sala. Nitaleta mambo mawili, na kila moja litasimama peke yake. Moja, bahasha zifunguliwe, fedha zihesabiwe, ziandikwe kwenye daftari mwezi kwa mwezi, na kama zote zimo basi Mzee wa Kilimani ni mwanachama kama mie, na masufuria yanatoka kwa masharti ya kila mwanachama, pamoja na kulipia mwiko ukipotea. Mbili, yule kijana wa kitambulisho naye aje, na mzee aitwe siku nyingine, barazani, watu wakiwa wamekaa, amwambie mwenyewe kwa nini. Akikataa kuja, tutajua. Masufuria hayatasubiri jibu hilo.

Wamo watakaosema nimepewa kitu na CCM. Wameshaanza. Mke wangu kaulizwa kisimani.

Kijana wa Limbani

Nitakuja Ijumaa. Kura yangu hapo kwenye masufuria bado ni hapana, msinitangulie. La vitambulisho naliunga mkono, na huyo kijana nitamleta mie, ni binamu yangu.

Ila bahasha zisifunguliwe kabla hatujafika. Zihesabiwe mbele yetu sote, na aandike mwingine, si mweka hazina.

Mwenye Ufunguo

Sawa. Utaandika wewe. Njoo na kalamu, ile ya stoo haitoi wino.